Nani Aliosha Unga?

Inspekta hakuwa mwoga wa watu. Majambazi wenye mapanga aliwahi kuwafokea wakateremka darini mmoja mmoja kama watoto walioitwa kuoga. Lakini chupa? Chupa alikuwa anaziogopa, na mchana huo chupa zilikuwa zimemzunguka pande zote, za kahawia, za bluu, nyingine zimechorwa fuvu la kichwa, nyingine hazina hata kibandiko cha jina. Mwanamke mzima, cheo begani, amesimama katikati ya maabara na mikono ameibana kwapani asije akagusa kitu kikamtoa roho mchana kweupe.

"Afande," Sajenti aliita kutoka nje, "nibaki hapa nilinde mlango?"

"Mlango unakimbilia wapi? Ingia."

"Mke wangu bado ananihitaji, afande."

"Sajenti!"

Sajenti aliingia akikanyaga kwa vidole, pumzi ameishikilia kifuani. Alipoona bosi wake anapumua na hajaanguka, naye akajaribu kidogo.

Kilichowaleta humo kilikuwa hiki. Jana asubuhi fundi wa maabara alifungua mlango akamkuta mtafiti mdogo kuliko wote amelala sakafuni kando ya meza ya kazi, damu imemkauka kisogoni na vipande vya chupa vimemzunguka. Mtafiti huyo ni mpwa wake wa damu, mtoto wa dada yake marehemu, aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana pale kazini fundi anaitwa Mjomba na binti anaitwa Mpwa, na watu wote wameyazoea majina hayo, hata Profesa anayemzidi Mjomba umri. Binti hakuwa amekufa. Alikuwa hospitali, hajazinduka, na madaktari hawakutaka kuahidi chochote.

Kila mtu alisema ni ajali. Chupa ilichemka ikapasuka, binti akaruka nyuma kwa mshtuko, akajigonga. Daktari wa zamu ndiye aliyemvuta Inspekta pembeni. Jeraha, alisema, limeingia kwa nguvu mno kwa mtu aliyejiangukia tu. Hapo ndipo Inspekta alipoacha kuamini ajali. Aliweka konstebo mlangoni mwa wodi na kumpa amri moja: asiingie mtu. Si mwenzake wa kazini, si mwandishi wa habari, na Profesa ndiyo kabisa. Maana kama kuna mtu alitaka kumuua binti na hakumaliza, basi atarudi kumaliza, na hilo ndilo lililomnyima Inspekta hamu ya kula tangu jana.

Profesa alikuwa ameketi kwenye kigoda kirefu mbele yao, miguu inaning'inia. Mtu mkubwa mwenye sauti ya kuhutubia kumbi, lakini leo sauti imeingia tumboni.

"Jana uliniambia kwamba juzi jioni ulikuwa nyumbani," Inspekta alianza.

"Ndiyo. Nyumbani."

"Nyumba yako ina geti lenye mlinzi mwenye kofia nyekundu?"

"Sikuelewi."

"Mlinzi wa hapa ana kofia nyekundu, na amesema gari lako liliingia hapa kigizagiza kikianza, likatoka kwa kasi. Sasa ama wewe muongo ama mlinzi muongo. Yeye nimemwangalia machoni, nikamwamini."

Profesa alijifuta uso na kiganja. Kijasho chembamba kilikuwa kimeshamtoka kabla hajaulizwa lolote, na Sajenti alikinakili moyoni kama ushahidi.

"Nilikuja," alisema. "Alinipigia simu. Alisema kuna jambo kuhusu unga, hawezi kulisema kwenye simu. Nikaja. Taa zilikuwa zinawaka, mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga, nikaita. Hakuna aliyejibu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaondoka."

"Mtu kakuita kwa jambo zito, unafika, hajibu, unaondoka tu?"

"Nilijua yumo! Bomba lilikuwa linanguruma. Nikajua anachuja, hasikii kitu. Nikasema atanieleza kesho."

"Linanguruma nini? Bomba la maji?"

"Hilo pale." Profesa alionyesha bomba kwenye sinki, lenye mpira mnene uliotoka ubavuni mwake. "Ukilifungua mpaka mwisho, maji yanavuta hewa kupitia ule mpira, na hewa inafyonza majimaji kwenye karatasi ya kuchujia. Kelele zake zinafika hadi kwenye ngazi. Likilia hivyo, kuna mtu anaokoa unga."

"Na jana hukuyasema haya."

"Niliogopa, Inspekta. Niseme nilifika mlangoni na sikuingia, halafu asubuhi anakutwa hivi? Nani angeniamini? Wewe mwenyewe huniamini hata sasa."

Ni kweli, hakumwamini. Na kitu kilichomtisha zaidi ni jinsi mtu huyo alivyokaa karibu na rafu ya chupa. Angeamua kunyoosha mkono tu, wangefanyaje? Sajenti naye alikuwa ameliwaza hilohilo, kwani alijisogeza kidogo kidogo mpaka akawa nyuma ya bosi wake. Mwanamume mzima, afya tele.

"Hebu nieleze huo unga," Inspekta alisema. "Nieleze kama unamweleza mama yako jikoni, usinipande kichwani na maneno ya chuo."

Profesa alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, uso wake ulitulia kidogo, maana alikuwa amepewa kazi anayoijua.

"Kutengeneza kiungo cha dawa unahitaji kitu cha kuharakisha mambo ndani ya chupa. Kichocheo. Zamani tulitumia tindikali ya maji. Inafanya kazi, lakini ukimaliza imechanganyika na kila kitu, huwezi kuitoa. Unaizima, unaimwaga, inakwenda mtoni inaua samaki. Kila ukipika, uchafu mwingine. Sisi tukachukua pumba za mbao, tukazichoma mpaka zikawa kama masizi, tukaipachika tindikali mwilini mwa huo unga. Haiyeyuki. Ukimaliza kupika unachuja, unga unabaki juu ya karatasi. Unauosha kwa spiriti, unaukausha kwenye oveni, kesho unautumia tena uleule. Hakuna cha kumwaga."

"Mara ngapi?"

"Hapo ndipo penye sifa yetu. Unga wa wenzetu unachoka mapema. Wetu hauchoki. Umezunguka na kuzunguka, na dawa inatoka kiasi kilekile. Kuna watu wanajenga kiwanda kwa ajili ya huo unga, Inspekta."

Alitelemka kwenye kigoda, akachukua kichupa cha maonyesho kilichokuwa juu ya rafu. Sajenti aliruka hatua mbili nyuma.

"Ni unga tu," Profesa alisema.

"Sawa, mzee. Nautazama vizuri nikiwa huku."

Profesa alikifungua kifuniko amwonyeshe Inspekta, lakini kichupa kikainama, na unga ukamwagika. Ulianguka chini laini, mweusi ti, ukatapakaa kwenye vigae vyeupe hadi kwenye ncha za viatu vya Inspekta. Inspekta alitoa sauti ambayo Sajenti aliapa baadaye kwamba hataisimulia kituoni. Aliisimulia.

"Aa, pole, pole! Haung'ati. Msiukanyage tu." Profesa aliinama na kitambaa kilicholowa, akafuta. Vigae vilirudi vyeupe, ila kwenye maungio, pale kigae kinapokutana na kigae, mistari myeusi ikabaki imechorwa kama kwa kalamu. Alisugua tena. Mistari haikusogea. "Basi. Hapa pameshakuwa hivi. Ona pale kwenye meza ya dirishani, ulimwagika mwaka jana, Mjomba anapapiga deki kila siku ya Mungu, mpaka leo."

Inspekta alitazama kwenye meza ya dirishani. Ni kweli, maungio yalikuwa meusi kama njia za siafu. Kisha akageuka, taratibu, akatazama sehemu aliyokutwa binti.

Maungio yalikuwa meupe.

Alipiga magoti. Alisahau kuogopa, akaweka kiganja sakafuni, akapitisha ukucha kwenye mfereji mmoja, kisha mwingine. Ukucha ulitoka safi. Alienda mpaka chini ya meza, mpaka kwenye kona ambayo ufagio haufiki. Safi.

"Sajenti, Mjomba alisema nini kwenye maelezo yake jana?"

Sajenti alikuwa na kumbukumbu nzuri, hilo tumpe haki yake. "Alisema chupa ilipasuka, unga ukaruka kila mahali. Akamtoa binti, kisha akaufagia unga na kupiga deki, kwa sababu una tindikali, asije mtu akaukanyaga. Wewe ukamgombeza kidogo kwa kuharibu ushahidi, halafu ukamwonea huruma, ukampiga-piga mgongoni."

"Najua nilichofanya mgongoni."

"Nakumbusha tu, afande."

"Profesa. Jioni ile, chupa iliyokuwa motoni, ilikuwa na unga?"

"Lazima. Alinipigia akiwa ameshaanza kupika. Bila unga hakichemki kitu cha maana."

"Unga upi?"

"Mbona unauliza upi? Ni uleule. Tunautumia mmoja, huo huo, ndiyo maana nzima ya kazi hii. Sasa ndiyo umekwenda." Sauti ilimkatika. "Samahani. Mtoto wa watu yuko kitandani mimi nalilia unga."

"Umekwenda wapi?"

"Sakafuni! Si ulimwagika?"

Inspekta alimwacha Profesa aitazame sakafu mwenyewe. Profesa akaitazama. Akatazama mistari myeusi aliyoichora yeye dakika hiyo, akatazama tena maungio meupe. Uso wake ulibadilika rangi, midomo ikawa ya kijivu. Alitembea hadi kwenye kabati la chuma kwenye kona, lenye kitaa kidogo chekundu kinachowaka, akaushika mpini wake, akasita.

"Hii ni oveni ya kukaushia," alisema. "Haizimwi kamwe. Sijaifungua tangu jana, hakuna aliyekuwa na akili ya kufungua."

Akafungua. Joto liliwapiga usoni. Juu ya waya wa katikati kulikuwa na sahani ya kioo, na ndani ya sahani unga mweusi umesambazwa vizuri, umesawazishwa kwa mgongo wa kijiko, umefunikwa karatasi ya alumini iliyotobolewa-tobolewa ili mvuke utoke.

Wote walisogea kuchungulia. Hata Sajenti.

"Labda aliuweka yeye kabla," Profesa alinong'ona.

"Kama alishauchuja, chupa ilibaki na nini cha kuchemka ikapasuka? Na kama ilipasuka kabla hajauchuja, huu umefikaje humu umeoshwa?" Inspekta aliifunga oveni kwa kiwiko. "Mtu alimwangusha binti. Kisha akasimama pale kwenye sinki, akafungua bomba, akachuja, akaosha, akauanika. Binti kalala hapo chini anavuja damu. Alipomaliza kazi ndipo akavunja chupa tupu ili ionekane ajali. Ulipokuwa unagonga mlango, Profesa, hakuwa yeye aliyekuwa anachuja."

Profesa alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameelewa kwamba siku ile alikuwa amebakiza unene wa ubao kati yake na mtu huyo.

"Nani mwendawazimu kiasi hicho?" Sajenti aliuliza. "Umeua mtu, kimbia! Unaosha unga wa nini?"

"Si wazimu," alisema Profesa polepole. "Ni mkono. Hapa hakuna anayeweza kuumwaga unga ule. Nimewafundisha hivyo, nimewafokea kwa chembe iliyobaki kwenye kijiko. Mkono unafanya wenyewe."

"Mkono wa nani? Wako?"

"Mimi?" Alicheka kicheko kikavu kisicho na raha. "Inspekta, sijashika faneli ya kuchujia tangu nivae miwani. Nachuja nusu, nusu naimwaga. Waulize." Kisha akashtuka, kama mtu aliyekumbuka aliacha jiko linawaka. Aliifungua tena oveni, akaichukua sahani kwa koleo, akaiacha ipoe kidogo, akaiweka juu ya mizani. Namba zilicheza zikatulia. Aliziangalia kwa muda mrefu mno.

"Nini?" Inspekta aliuliza.

"Haujapungua."

"Si ndivyo mnavyojisifia?"

"Hauchoki, nimesema. Sikusema haupungui. Kila ukichuja, kidogo kinabaki kwenye karatasi, kidogo kwenye kioo, kidogo kwenye kijiko. Unga wowote unapungua, hata wa ugali ukiuhamisha kutoka chombo hadi chombo. Huu una uzito wa siku ya kwanza." Alivua miwani. "Kuna mtu anaongezea mpya. Ndiyo maana hauchoki. Mungu wangu. Unakufa kama wa wenzetu, na kuna mtu anauchanganyia mpya. Mpwa aliupima. Hilo ndilo alilotaka kuniambia."

"Unga mpya unapikwa wapi?"

"Kwenye tanuri la uani."

"Na nani?"

Profesa alifungua mdomo, lakini hakuhitaji kumaliza. Inspekta alikuwa ameshamjua. Mtu aliyesema amepiga deki weusi ambao haukuwahi kuwepo. Mtu mwenye ufunguo wa mlango huu. Mtu aliyelia mbele yake jana, machozi ya kweli, mpaka akampiga-piga mgongoni.

"Ni Mjomba anayepika," Profesa alisema. "Ufunguo wa tanuri anao yeye peke yake. Yuko wapi leo?"

Sajenti alimwangalia Inspekta. Inspekta alimwangalia Sajenti. Wote wawili walikuwa wanajua yuko wapi, kwa sababu amri ya jana ilikuwa na kipande cha mwisho. Asiingie mtu, Inspekta alimwambia konstebo. Mjomba wake tu.

Walikimbia. Ngazi zile Sajenti alizishuka mbili mbili, na chupa zote za dunia hazikuwa na maana tena. Ndani ya gari Inspekta alipiga simu ya konstebo. Imezimwa. Wodi ile hairuhusu simu, na konstebo yule alikuwa kijana mtiifu, mtiifu kupita kiasi. Akapiga mapokezi ya hospitali. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena.

"Washa king'ora," alisema.

"Nimewasha, afande. Hukisikii?"

Hakuwa anakisikia. Mbele kulikuwa na lori limesimama katikati ya barabara, dereva anabishana na mtu wa baiskeli, na Sajenti akatoa kichwa dirishani akamtukana dereva matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lori likasogea. Inspekta alikuwa anarudia neno moja, bado, bado, bado, na wala hakujua kama anasema bado hajafa au bado hatujafika.

Hospitalini konstebo aliwapigia saluti nzuri sana. "Hakuna aliyeingia, afande! Wamekuja marafiki zake wawili, nimewarudisha. Amekuja mwanamke wa kanisani, nimemrudisha. Yumo mjomba wake tu, hajatoka tangu jana hata kula. Jamani, yule mzee ana mapenzi."

Inspekta alimsukuma pembeni, kisha akajizuia. Aliweka mkono kwenye kitasa, akaulazimisha uso wake uwe wa mtu aliyepita kusalimia. Akiingia kwa kishindo, na mkono wa yule mzee uko kwenye koo la mtoto, nini kitatokea? Akamwonyesha Sajenti kwa kidole, ukutani, usionekane.

Akafungua.

Chumba kilikuwa kidogo, pazia limevutwa nusu. Binti alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa bandeji, mrija wa hewa puani. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Inspekta alihesabu pumzi moja, kisha ya pili, ndipo naye akapumua. Mjomba alikuwa kwenye kiti kilichosogezwa mpaka kikagusana na kitanda, amemwinamia mgonjwa, mdomo umekaribia sikio lake. Mkono mmoja ulishika mkono wa binti. Wa pili ulikuwa juu ya mto, kando ya ule mrija.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama." Hakuinuka. "Naongea naye. Wanasema wanasikia."

"Anajibu?"

"Vidole vinabana kidogo. Halafu vinaacha." Alimtazama Inspekta kwa macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. "Mama, wewe umewaona wengi wa namna hii. Wakizinduka, huwa wanakumbuka?"

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, kila ndugu wa mgonjwa huliuliza. Lakini Inspekta alijua jibu lake ndilo litakaloamua mkono ule juu ya mto utafanya nini.

"Hawakumbuki," alisema, na alishangaa sauti yake ilivyotoka tulivu. "Daktari ameniambia sasa hivi. Wakipigwa kisogoni, siku ile yote inafutika."

Mjomba alifumba macho. Mabega yakamshuka. Mkono ukabaki palepale.

"Basi nitakaa naye mpaka aamke," alisema.

"Kaa. Ila kuna fujo huko kazini, nimekuja kukuomba. Profesa kafungua oveni, kakuta unga. Anasema una mkosi, anataka kuumwaga chooni."

"Asiumwage!"

Alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza neno. Hatua moja, mbili, kuelekea mlangoni, mikono mbele, kama aliyeona mtoto anakaribia moto. Kisha akasikia alichokisema. Akasimama katikati ya chumba. Inspekta alikuwa tayari amepita akajiweka kati yake na kitanda, mgongo wake ukigusa vyuma, na Sajenti alikuwa amejaa mlangoni.

"Uliuweka wewe," Inspekta alisema.

Mzee alitazama mikono yake. Hakuonekana mtu wa kutisha hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha.

"Nilimsukuma tu," alisema. "Stendi ya chuma ilikuwa nyuma. Nilidhani amekufa, mama. Mimi nimemlea huyu. Nilikuwa naongezea kijiko tu, kijiko kimoja, ili unga usife. Unga ungekufa, kazi yetu yote ingefungwa, na mimi walishaniahidi kusimamia tanuri la kiwandani. Yeye anasema kesho namwambia Profesa. Namwomba, ananiambia Mjomba, huu ni uongo. Ananiita mimi mwongo."

"Na jana, na leo, ulikuwa unangoja nini hapa?"

Sajenti alimshika mzee mkono mmoja, kisha wa pili, akamfunga pingu bila ya mzaha wowote, akamtoa. Konstebo alibaki amekodoa macho, mkono umekwama nusu ya saluti.

Inspekta aligeuka kitandani. Alitaka kuita nesi. Binti alikuwa amefungua macho.

Hakuwa anapepesa kama mtu anayezinduka. Macho yalikuwa yamekaza, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye bandeji masikioni. Mwili wote ulikuwa unatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta.

"Ameenda?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, haijatumika.

"Ameenda. Harudi."

"Niko macho tangu jana. Alikuwa ananiuliza sikioni. Mwanangu, unanisikia? Unakumbuka nini? Halafu ananyamaza, anasikiliza ninavyopumua. Nesi akija, yupo. Daktari akija, yupo. Nikikohoa, ananiinamia. Nikasema nikifungua macho nitakufa."

"Pole. Pole sana, mwanangu." Na palepale Inspekta alijuta kulitumia neno hilo, maana binti alijikunja.

"Wenzangu walikuja. Niliwasikia mlangoni. Askari akawarudisha. Akasema ni amri, asiingie mtu isipokuwa yeye." Alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza, sawasawa, usoni. "Nani alitoa amri hiyo?"

Kwenye korido Sajenti alikuwa anampigia mtu simu kwa sauti kubwa, anasema wamempata, wamempata.

"Mimi," Inspekta alisema.

Binti aliendelea kumtazama. Kisha akaugeuza uso wake taratibu kuelekea upande wa pili.

"Basi na wewe toka," alisema. "Mlango uache wazi."